Kriketi Uganda: mchezo uliookolewa na shule

Ukivuka mpaka wa Kasindi na kufuata barabara ya Kasese mpaka Kampala, unafika katika inchi yenye kupenda mpira wa miguu sawa vile sisi wa Butembo na Beni. Lakini katika mpira wa miguu, Uganda haijafika kwenye Kombe la Dunia hata mara moja. Ilifika kwa njia nyingine. Mwezi wa Juni 2024, vijana wa Uganda walicheza Kombe la Dunia la kriketi, wakiwa uwanjani na New Zealand, Afganistani na West Indies, ekipi ya visiwa vya Karibea.

Hapa kwetu watu wengi hawajaona hata siku moja gongo la kriketi. Na Uganda pia, ukisimama sokoni uulize, wengi watakuambia kwamba ni mchezo wa Wahindi ao wa Wazungu. Sasa inchi ya namna hiyo ilifika namna gani mbali vile? Nyuma ya ekipi kuna shirikisho, Uganda Cricket Association. Na nyuma ya shirikisho kuna kitu ambacho hata sisi tuko nacho: shule.

Kriketi inachezwa namna gani?

Ekipi ni mbili, kila moja watu 11. Kiwanja ni kikubwa, karibu duara, na katikati yake kuna njia nyembamba yenye urefu wa mita 20 hivi. Kwenye kila mwisho wa njia hiyo wanasimamisha vijiti vitatu. Hivyo vinaitwa wiketi. Mrushaji anarusha balo ndogo, ngumu, akitafuta kuangusha vijiti. Mpigaji anasimama mbele yavyo na gongo pana la mbao, anavilinda na kupiga balo mbali.

Akiisha kupiga, anakimbia mpaka upande mwingine wa njia, na mwenzake anakuja upande wake. Mara moja ni mkimbio mmoja, ndiyo pointi yenyewe. Balo ikivingirika mpaka mwisho wa kiwanja ni pointi nne. Ikipita juu bila kugusa chini ni sita. Mpigaji anatoka kama vijiti vimegongwa, ao kama mtu wa ekipi ingine amedaka balo kabla haijagusa chini. Wapigaji kumi wakitoka, zamu imekwisha.

Zamani, na mpaka leo kwa inchi kubwa, mechi moja inaweza kuchukua siku tano. Lakini kuna namna fupi inayoitwa T20. Kila ekipi inapata ova 20, na ova moja ni balo sita: jumla balo 120, na kwa saa tatu hivi kazi imemalizika. Ni hiyo namna fupi iliyofungua mlango kwa inchi ndogo.

Mwaka 1972 na mafunzo yake

Kriketi ilifika Uganda pamoja na utawala wa Waingereza. Watu wenye asili ya India, waliokuja juu ya reli na biashara, waliupenda na kuunda vilabu vyao. Upande mwingine, shule kubwa zilizofuata mfano wa Uingereza, sawa vile King's College Budo na Busoga College Mwiri, zilifundisha mchezo huo watoto wa Waafrika. Kwa hiyo kriketi ya Uganda ilikuwa na miguu miwili: vilabu vya wafanyabiashara, na shule.

Mwaka 1966, ekipi ya Afrika ya Mashariki, yenye kuunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, iliingia katika baraza la kriketi la dunia, ICC. Ilionekana kwamba mambo yanaenda vizuri.

Kisha ikafika Agosti 1972. Rais Idi Amin aliwapa watu wenye asili ya Asia siku 90 watoke inchini. Walitoka kwa maelfu. Pamoja nao walitoka wachezaji, viongozi wa vilabu, na watu waliokuwa wakitoa feza ya mchezo. Mguu mmoja ulikatika ndani ya miezi mitatu.

Miaka mitatu baadaye, Juni 1975, Afrika ya Mashariki ilicheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi kule Uingereza. Wachezaji wengi walikuwa na asili ya Asia, lakini wawili walikuwa Waafrika weusi kutoka Uganda: John Nagenda na Sam Walusimbi. Ekipi ilipoteza mechi zote tatu, mbele ya New Zealand, India na Uingereza. Nagenda huyo ndiye yule mwandishi ambaye baadaye alikuwa mshauri wa Rais Museveni.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita na umaskini. Mchezo wenye kuomba kiwanja kikubwa na vifaa vya kutoka ng'ambo ungeweza kufa kabisa. Haukufa, juu mguu wa pili ulibaki. Budo, Mwiri, Ntare School ya Mbarara na shule zingine ziliendelea kufundisha. Mwanafunzi alijifunza kwa mkubwa wake, akamaliza shule, na yeye akarudi kufundisha wadogo. Mchezo ulioshikwa na kikundi kimoja cha watu unaweza kuondoka nao kwa siku 90. Mchezo ulioshikwa na shule unapata watoto wapya kila mwaka.

Kazi ya shirikisho

Mwaka 1998 Uganda ilipokelewa katika ICC kwa jina lake yenyewe, haiko tena ndani ya ekipi ya kuchanganya inchi. Tangu hapo shirikisho lilipaswa kuonyesha kazi. ICC haipokei inchi juu ya kuwa na ekipi moja ya taifa tu. Inaangalia kama kuna michuano ya watu wazima kila mwaka, kama kuna watoto wanaofundishwa, na kama wanawake wako na nafasi yao. Na msaada wa feza unafuata pia hesabu hiyo: inchi yenye kucheza sana na kushinda inapata zaidi.

Shirikisho la Uganda halikuanzia hewani. Lilichukua ile mizizi ya shule na kuipanua. Liko na wiki ya kriketi ya shule za sekondari, ya wavulana na ya wasichana, ambapo wanafunzi wanapambana na wale wenye kuchagua wachezaji wanaangalia. Kutoka hapo kijana anaingia katika ekipi ya taifa ya wenye chini ya miaka 19, kisha katika vilabu vya ligi, kisha katika ekipi kubwa.

Angalia vile mazao yalikuja kwa kufuatana. Vijana wa chini ya miaka 19 walifika kwenye Kombe la Dunia la umri wao mwaka 2004, na tena 2006 na 2022. Wakubwa walikuja kufika 2024. Watoto walitangulia wakubwa kwa miaka 20.

Na siyo wanafunzi wa shule kubwa tu. Kiwanja cha Lugogo, ambacho ni makao ya kriketi Kampala, kiko chini ya kilima cha Naguru, kwenye mtaa wa watu maskini. Wachezaji kama Juma Miyagi na Simon Ssesazi walitoka mtaa huo na kufika mpaka ekipi ya taifa. Kiwanja kikiwa karibu na watoto, watoto wanaingia.

Windhoek, Novemba 2023

Mwaka 2018 ICC iliamua kwamba inchi zote wanachama, hata ndogo, mechi zao za T20 zitahesabiwa kuwa mechi za kimataifa kamili. Kwa wanaume ilianza tarehe 1 Januari 2019. Uganda ilitumia nafasi hiyo, ikacheza mechi nyingi sana.

Mwezi wa Novemba 2023, inchi saba za Afrika zilikutana Windhoek, Namibia, kutafuta nafasi mbili za Kombe la Dunia. Kulikuwa Namibia, Zimbabwe, Kenya, Nigeria, Tanzania, Rwanda na Uganda. Watu wengi waliwaza kwamba nafasi zitaenda kwa Namibia na Zimbabwe, na Zimbabwe ni mwanachama kamili wa ICC, wa daraja moja na India na Uingereza.

Tarehe 26 Novemba, Zimbabwe ilipata mikimbio 136. Uganda ilifikia hesabu hiyo na kuipita, ikiwa imebakiza balo tano tu. Ilikuwa mara ya kwanza Uganda kushinda mwanachama kamili katika mechi ya T20 ya kimataifa. Siku nne baadaye, tarehe 30, iliangusha Rwanda kwa mikimbio 65 na kumaliza kazi kwa kupoteza mpigaji mmoja tu. Katika mechi sita ilishindwa moja, mbele ya Namibia. Zimbabwe ikabaki nyumbani. John Nagenda hakuona siku hiyo; alikuwa amefariki mwezi wa Machi wa mwaka ule.

Furaha na kipigo

Kombe la Dunia la 2024 lilichezwa Marekani na katika visiwa vya Karibea, na inchi 20. Tusifiche: Uganda ilipigwa. Afganistani iliishinda kwa mikimbio 125. West Indies iliiangusha yote kwa mikimbio 39, hesabu ya chini kabisa katika historia ya kombe hilo, sawa na ile ya Uholanzi ya mwaka 2014. Mbele ya New Zealand ilipata 40.

Lakini katikati ya hayo kulikuwa mechi moja kule Guyana. Papua New Guinea ilimaliza na mikimbio 77. Uganda ilihangaika, wapigaji wakatoka mmoja mmoja, Riazat Ali Shah akavumilia na kupata 33, na mwisho Uganda ikafika 78. Ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia.

Siku hiyo Frank Nsubuga alikuwa na miaka 43, mzee kuliko wote katika mashindano. Alirusha ova zake nne, balo 24, akatoa mikimbio minne tu na kuondoa wapigaji wawili. Huyo Nsubuga alianza mwaka 1997, akiwa kijana wa miaka 16, katika ekipi ya kuchanganya ya Afrika ya Mashariki na Kati, kabla Uganda haijaingia ICC kwa jina lake. Miaka 27 ndani ya mchezo mmoja. Historia yote ya shirikisho unaweza kuisoma katika maisha ya mtu huyo.

Wanawake nao

Ekipi ya wanawake wa Uganda ilitangulia ndugu zao katika mambo mengine. Mwaka 2018 ilikuwa tayari Uholanzi, katika mashindano ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Mwisho wa 2023 ilipata tena nafasi kama hiyo.

Mfano mwingine ni Rwanda. Tunajua jina la inchi hiyo linaamsha machungu mengi hapa Kivu. Hapa tunaongea mchezo tu. Shirikisho lao la kriketi liliundwa mwaka 1999, na kiwanja chao cha Gahanga, karibu na Kigali, kilifunguliwa 2017. Januari 2023, katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana wa chini ya miaka 19, kule Afrika Kusini, mabinti wa Rwanda walishinda Zimbabwe na West Indies. Ni inchi ambayo zamani ilitawaliwa na Wabelgiji, sawa na yetu. Kwa hiyo kusema eti kriketi ni ya wale waliotawaliwa na Waingereza tu, siyo kweli tena.

Na Kongo?

Mwezi wa Julai 2025, ICC ilikuwa na wanachama 110, na Zambia ilikuwa imeingia mwaka huo. Kongo haimo. Lakini wapenzi wa mchezo huo wamepita kwetu: wanajeshi wa MONUSCO kutoka India, Pakistani na Bangladesh, waliokaa miaka mingi mashariki ya inchi, wanatoka mahali ambapo kriketi inapendwa kuliko michezo mingine. Mwanajeshi akimaliza muda wake anarudi kwao, na mchezo wake anarudi nao. Ni lile fundisho la 1972 kwa namna ingine.

Kuanza hakuombi mambo makubwa. Mtoto anajifunza na kipande cha mbao na balo ya tenisi, katika uwanja wa shule. Kinachoomba nguvu ni kuendelea: mwalimu mmoja anayejua sheria, michuano midogo kati ya shule mbili ao tatu, wasichana kuhesabiwa tangu siku ya kwanza, na watu wa kuandika hesabu kila mwaka ili siku moja shirikisho liwe na kitu cha kuonyesha.

Na hapo ndipo penye uzito kwetu. Katika Beni na Lubero, shule zimefungwa mara nyingi juu ya usalama, na watoto wamehama na wazazi wao. Mwaka 2028 kriketi itarudi katika michezo ya Olimpiki kule Los Angeles, na vijana wa Uganda wataendelea kutafuta njia yao. Kwetu, kabla ya gongo, kabla ya kiwanja na kabla ya shirikisho, kitu cha kwanza ambacho mchezo wowote unaomba ni mlango wa shule ubaki wazi.