TUFANI YA UNGUJA YA MWAKA 1872 NA MAFUNZO YAKE KWETU



Huenda mtu akauliza: sisi wa Kibirichia, tulimao viazi katika miteremko ya Mlima Kenya, tufani ya baharini yatuhusu nini? Yatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, wazee wa Meru wamesimulia tangu zamani kwamba mababu zetu walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji huko pwani, wakavuka maji hayo ili kuukimbia utumwa. Pili, wako wana wetu wafanyao kazi Mombasa, na jambo liwapatalo wao latupata na sisi.

Tarehe 15 Aprili 1872, tufani kubwa iliupiga mji wa Unguja. Zamani hizo ilidhaniwa kuwa kisiwa kile ki nje ya njia ya tufani, kwa sababu kiko karibu na ikweta. Merikebu za Sultani Barghash bin Said, aliyeshika utawala mwaka 1870, ziliangamia pamoja na majahazi mengi. Huko mashambani hasara ilizidi. Yakadiriwa kuwa theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iliharibika, na minazi mingi ikaanguka. Mkarafuu si kiazi, wala hauzai msimu uo huo uliopandwa. Mwenye shamba hungoja miaka kadhaa. Kisiwa cha Pemba, kilicho kaskazini, kilisalimika, na tangu hapo mikarafuu ikapandwa huko kwa bidii hata Pemba ikaipita Unguja kwa mavuno. Basi upepo wa siku moja uliugeuza uchumi wa visiwa viwili.

Wala tusiwasahau wale waliobeba mzigo wa kupanda upya. Wengi wao walikuwa watumwa, waliotekwa bara kama hii yetu. Waingereza walipomtaka Barghash azuie biashara ya watumwa, umaskini ulioletwa na tufani ulikuwa miongoni mwa hoja zake za kukataa. Hata hivyo alitia sahihi mkataba mwezi wa Juni 1873.

Yafaa kuuliza kwa nini watu wa Unguja hawakuonywa. Waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulifika kwao mwaka 1879, yaani miaka saba baadaye. Nahodha aliyekutana na tufani katikati ya bahari hakuwa na njia ya kupeleka habari ipate kuitangulia tufani yenyewe. Mwenye barometa, chombo kile cha kupimia uzito wa hewa, aliweza kuona hewa ikipungua uzito, lakini kufikia hapo saa za kujiandaa zilikuwa chache mno.

Wataalamu hueleza kwamba tufani huzaliwa juu ya bahari yenye joto, kadiri ya nyuzi 26 au 27 za Selsiasi. Mvuke hupanda, hewa ya kando hukimbilia kuijaza nafasi yake, na kule kuzunguka kwa dunia huufanya upepo ule uzunguke kama jiwe la kusagia. Karibu kabisa na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni ndogo, ndiyo maana Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini, haikuzoea jambo hili. Lakini Unguja iko nyuzi 6 tu, na toka huko hata Mombasa ni kilomita 240 hivi. Ukuta huo, ikiwa ni ukuta, si mnene.

Sasa tutazame mambo ya karibuni. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kiitwacho Hidaya, maana yake zawadi, kilikuwa kikielekea pwani ya Tanzania. Safari hii hakuna aliyekingoja gizani. Setilaiti zilikitazama toka juu, kituo cha kisiwa cha La Réunion kikakifuatilia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ikatoa habari zake mara kwa mara. Vivuko baina ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimamishwa. Huku Kenya mafuriko yalikuwa yamekwisha kuua watu zaidi ya 200, na tarehe 3 Mei Rais William Ruto alitangaza kuahirishwa kwa ufunguzi wa shule, akitaja pia hatari ya kimbunga hicho. Watoto wetu walibaki nyumbani hata tarehe 13 Mei. Siku ya tarehe 4 Mei Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia ikiwa imepungua nguvu, kisha ikatoweka. Mvua yake iliharibu barabara ya kusini upande wa Kilwa na Lindi, lakini Mombasa ilisalimika.

Kwa kuwa ilisalimika, wako waliosema kwamba wataalamu walitutisha bure. Maneno hayo ni ya hatari. Mwaka 2021 kimbunga Jobo nacho kilielekea Dar es Salaam kikafifia, na baada ya mara mbili kama hizo watu huacha kusikiliza. Lakini mzee aamuruye mbuzi waingizwe zizini kwa kuwa chui ameonekana bondeni, hatumwiti mwongo asubuhi tukizikuta mbuzi zote hai. Machi 2019 kimbunga Idai hakikufifia. Kiliupiga mji wa Beira huko Msumbiji, na katika nchi tatu watu zaidi ya 1,000 walikufa. Mombasa ina watu zaidi ya milioni moja.

Basi napendekeza kwa heshima mambo mawili kwa mwaka ujao. Chama kiandike katika daftari lake majina ya wana wetu wote walioko pwani, mitaa wakaayo, na namna ya kuwapata kwa simu. Tena kila mzazi amwambie mwanawe kwamba tangazo la hali ya hewa litokapo, atii kwanza na kuuliza baadaye. Gharama yake ni kurasa chache za daftari na maneno machache. Watu wa Unguja wa mwaka 1872 hawakupewa hata siku moja ya kujiandaa, na sisi tumepewa. Tusiitupe.