Akiba ya Dharura Ilivyohama Nyumbani: Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliingia bandari ya Sphinxhafen kwenye Ziwa Nyasa, ambayo leo ni Liuli, ikaifyatulia mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Vitabu vya vita hulitaja shambulio hilo kama moja ya mapambano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa anayefuatilia historia ya afya mwambaoni, jambo zito zaidi lilifuata baadaye. Chauncy Maples, meli ya misheni ya Kianglikana ya UMCA ya Likoma iliyoanza safari mwaka 1901 ikiwa hospitali, shule na kanisa linaloelea, ilichukuliwa ibebe askari na silaha. Hospitali ikaondoka majini wakati ule ule majeraha, njaa na maradhi ya vita vilipokuwa vikiongezeka. Kisa hicho kinabeba hoja ya makala haya. Historia ya akiba ya dharura Mbinga na mwambao wa Nyasa husimuliwa kama hadithi ya watu wasiokuwa na kitu waliopelekewa masanduku ya dawa na misheni, kisha na serikali. Ushahidi unaonyesha mwendo tofauti: akiba ilikuwa nyumbani, ikahamia hatua kwa hatua kwenye taasisi, na katika kuhama huko watu walipata dawa bora kuliko zote walizowahi kuwa nazo, huku wakipoteza desturi iliyoifanya akiba ifae, yaani kuigawa sehemu nyingi, kuitumia na kuijaza tena, na kumpa mtu anayeijua kwa undani.

Tuanze na milima. Wamatengo walibanwa na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, wengi wakapanda kwenye miteremko mikali na mapango ya nyanda za juu, mahali ambapo jeshi la kushtukiza halikuweza kufika kwa urahisi. Kuishi na watu wengi katika miinuko ile kulihitaji kilimo kisichoteketeza udongo, na hapo ndipo ngolo ilipokuwa nguzo ya maisha. Wanaume hufyeka majani mwishoni mwa mvua na kuyapanga katika miraba, wanawake huyafukia kwa udongo, na shamba zima huwa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maji ya mvua hukaa shimoni badala ya kuporomoka na udongo, majani yaliyozikwa huoza yakawa mbolea, maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata huja mahindi. Kwa kawaida ngolo husifiwa kama kinga ya udongo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliiandikia sana kuanzia miaka ya 1990. Lakini ngolo ni mfumo wa akiba pia. Kaya yenye mashamba kwenye miteremko kadhaa, yenye maharage ya mapema na mahindi ya baadaye, haipotezi kila kitu kwa mvua moja mbaya wala kwa uvamizi mmoja.

Kule chini ziwani hesabu ilikuwa hiyo hiyo kwa vitu vingine. Muhogo hukaa ardhini miezi mingi ukisubiri kuhitajika, na ukivunwa hukatwa, hukaushwa, ukawa makopa. Dagaa aina ya usipa huvuliwa kwa wingi, huanikwa, hutunzwa kwa siku ambazo mwera unavuma kutoka kusini na mitumbwi haitoki. Anayedhani mwera ni upepo wa kawaida akumbuke meli Vipya, iliyozama ziwani Julai 1946 katika dhoruba na kuua watu 145. Chombo kikubwa kikishindwa, mvuvi wa mtumbwi hana budi kukaa nyumbani na kula alichoanika. Upande wa tiba, kila kijiji kilikuwa na wakunga, waunga mifupa, na watu waliojua jani au mzizi upi hutumiwa kwa lipi. Tiba hizo hazikulingana nguvu, na baadhi hazikuponya kitu. Lakini kila moja ilikuwa na mtu wake aliyejua inapatikana wapi, inatayarishwa vipi, na nani amebaki nayo. Na chakula cha akiba kilikuwa kinaliwa. Makopa ya mwaka jana yaliliwa kabla ya makopa mapya kuwekwa, kwa hiyo mama mwenye nyumba alijua kila wiki yamebaki kiasi gani na yamepata wadudu au la. Hakuhitaji daftari, kwa sababu mkono wake ulikuwa humo kila siku.

Udhaifu wa akiba inayokaa mahali pamoja, panapoonekana na kila mtu, ulijitokeza katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Peramiho, kituo cha Wabenediktini kilichoanzishwa 1898, kilichomwa moto mwaka 1905, na kila kilichokusanywa hapo kikateketea. Kisha Wajerumani wakafanya ukatili mpana zaidi: waliteketeza maghala na mashamba ya Ungoni ili njaa imalize kile ambacho bunduki haikumaliza. Makadirio ya waliokufa katika eneo lote la vita hutofautiana, kuanzia 75,000 yaliyotajwa na Wajerumani hadi karibu 300,000 yanayotolewa na baadhi ya wanahistoria, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi yaliyoifuata. Ghala huchomeka kwa kiberiti kimoja, ilhali muhogo ulio ardhini hauchomeki, wala shamba lililo ng'ambo ya bonde halionekani kutoka njia kuu. Utawala wa Kiingereza uliokuja baadaye ulilitambua hilo kwa namna yake ulipowalazimisha wakulima wa Tanganyika, kwa amri za watawala wa jadi, walime muhogo kuwa kinga ya njaa. Watu wa mwambao hawakuhitaji kufundishwa hilo. Kipya kilikuwa amri, na amri huhesabu mashina shambani bila kuuliza nani atakayekausha, nani atakayetunza, na jikoni patakuwa na nini mwezi wa Februari.

Wakati huo huo tiba ilikuwa inajenga makao yake. Wabenediktini walifungua Kigonsera mwaka 1899 na Litembo mwaka 1914, na leo Litembo kuna hospitali kubwa ya Jimbo la Mbinga. Waanglikana walijenga hospitali Liuli, na hapo Liuli ndipo alipozikwa Shemasi Mkuu William Percival Johnson, mwaka 1928 baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kwenda na kurudi mwambaoni. Kuanzia mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilianza kuweka zahanati ndogo chini ya mamlaka za wenyeji, zikihudumiwa na madresa waliofundishwa kusafisha vidonda na kutoa dawa chache. Haifai kulibeza hili. Kwinini, chanjo, sindano ya kidonda cha buba na upasuaji viliokoa watu ambao hakuna mzizi ungewaokoa. Gharama yake ilikuwa umbali. Kutoka kijiji cha mteremkoni hadi Litembo, au kutoka kitongoji cha pwani hadi Liuli, ni mwendo wa saa nyingi kwa miguu, na wakati wa masika mito hukata njia. Zaidi ya umbali, kuna mabadiliko ya mawazo: jeraha lililokuwa kazi ya nyumba hadi lipone likawa kazi ya hospitali tangu dakika ya kwanza, na saa zilizo katikati ya jeraha na hospitali zikabaki bila mwenyewe.

Serikali ya uhuru ililiona pengo hilo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kuzunguka redio na vitabu vidogo, vyoo vikachimbwa, mazalia ya mbu yakafukiwa, na kwa muda nyumba ikarudi kuwa uwanja wa kwanza wa afya. Miaka kumi baadaye ukaja mpango wa dawa muhimu, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, uliopeleka kila mwezi masanduku yaliyofungwa rasmi hadi zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Katika nchi ambayo uchumi wake ulikuwa umeanguka, masanduku hayo yalikuwa neema. Lakini sanduku moja lilipangwa kwa ajili ya zahanati zote. Zahanati ya mwambaoni penye malaria na kuhara mwaka mzima ilifungua shehena ile ile iliyofunguliwa na zahanati ya baridi ya mlimani, kwa hiyo dawa moja iliisha kabla ya mwezi kuisha na nyingine ikalimbikizwa hadi muda wake ukapita. Hapo ndipo tofauti ya akiba mbili inapoonekana wazi. Akiba ya jikoni hujazwa kulingana na kilichotumika. Akiba ya sanduku hujazwa kulingana na kilichopangwa mbali.

Hatua iliyofuata ilianzia Ruvuma hasa, na inastahili kujulikana zaidi. Hadi mwanzoni mwa karne hii dawa za vijijini ziliuzwa katika maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa chache zisizohitaji cheti, lakini mengi yaliuza chochote kilichopatikana, mara nyingi kwa mikono ya wauzaji wasiofundishwa. Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikishirikiana na shirika la MSH kwa fedha za mfuko wa Gates, ilianzisha mkoani Ruvuma mfumo wa duka la dawa muhimu: muuzaji anafundishwa kwa wiki kadhaa, duka linakaguliwa, na orodha ya dawa anazoruhusiwa kutoa inapanuliwa kufikia baadhi ya viuavijasumu na dawa za malaria. Jaribio lilionekana kufaa, likaenea nchi nzima. Ruvuma, iliyohesabiwa pembezoni, ikawa darasa la taifa. Kwa hoja yetu, maana yake ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu enzi za misheni dawa yenye uhakika ilisogezwa hadi karibu na mlango wa nyumba, kwa bei na kiasi ambacho kaya inaweza kuchagua. Kilichobaki ni hatua ya mwisho, kutoka dukani hadi rafuni, na hiyo hakuna mamlaka inayoweza kuipiga kwa niaba ya mtu.

Wapo watakaopinga, na pingamizi la kwanza lina uzito. Dawa nyumbani, watasema, ni hatari: watoto huzimeza, watu hugawana nusu dozi, viuavijasumu vilivyobaki hutumiwa kwa mafua, na usugu wa vijidudu huongezeka. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu sanduku la huduma ya kwanza si duka dogo la dawa. Vitu vyake vikuu havimezwi: bandeji, pamba na shashi safi, plasta, glovu, sabuni, mkasi, kitambaa kipana cha kufungia mkono uliovunjika, tochi. Vinavyonywewa ni vichache, na cha kwanza ni pakiti za ORS, au pasipokuwa nazo, lita moja ya maji safi na salama yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Malawi Machi 2022 uliua zaidi ya watu 1,700 katika nchi inayotumia ziwa hili hili, na kipindupindu huua kwa kukausha mwili ndani ya saa chache. Pakiti ya unga wa chumvi na sukari nyumbani haigombani na hospitali. Humfikisha mgonjwa hospitalini akiwa hai.

Pingamizi la pili ni la barabara na simu. Lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, imefupisha safari iliyokuwa mateso, na Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, ina utawala wake jirani na watu. Kwa nini basi kujisumbua na masanduku? Kwa sababu lami haipiti kila kitongoji, na hata inapopita, damu haisubiri bodaboda. Aliyejikata kwa panga shambani anahitaji mtu wa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi sasa hivi. Aliyeumwa na nyoka anahitaji mtu anayejua kwamba hapaswi kuchanjwa, kunyonywa wala kufungwa kamba ya kukaza, bali kutulizwa, kiungo kisichezeshwe, na safari ianze mara moja. Barabara nzuri huongeza thamani ya maarifa haya, kwa kuwa sasa anayehudumiwa vizuri njiani ana mahali pa kufika.

La tatu ni umaskini: kaya inayouza mahindi mabichi ili ilipe ada haina cha kuweka akiba. Hapa historia inajibu vizuri kuliko hotuba. Kaya za milimani na mwambaoni hazikuweka akiba kwa sababu zilikuwa na ziada. Ziliweka kwa sababu ziliichanganya na maisha ya kila siku, kidogo kidogo, msimu kwa msimu. Vitu vingi vilivyotajwa hapo juu ni vya bei ndogo, na vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea vijijini vinaweza kununua vya pamoja kwa kaya tano au kumi. Wala hakuna haja ya kuipamba enzi ya zamani. Ngolo na makopa havikuzuia ndui, na wakunga stadi walipoteza akina mama ambao leo wangeokolewa Litembo au Liuli. Kinachofaa kurithiwa ni utunzaji wake.

Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa kisanduku cha dawa kauli hiyo ni hatari, maana akiba hii huoza kimya kimya ndani ya vifungashio vinavyong'aa. Tiba ya kasoro hiyo ilikuwepo tangu zamani. Kila nyumba imteue mtu mmoja anayejua kilichomo. Plasta na ORS zitumike zinapohitajika na zirudishiwe siku ya gulio. Na ukaguzi ufungwe kwenye kazi ambayo haisahauliki, kama kufyeka ngolo mwishoni mwa mvua au kuanika makopa kiangazi. Sehemu ya vifaa ikae nyumbani na sehemu iende shambani au kwenye mtumbwi, ambako ajali hutokea. Hospitali na duka vitoe kile ambacho nyumba haiwezi kutengeneza, na nyumba ifanye kile ambacho hospitali haiwezi kufanya kwa mbali. Misheni ilipoteza meli yake vitani, serikali ilipoteza dawa zake kwa ramani isiyojua tofauti ya mlima na pwani, na kaya isiyofungua kisanduku chake mwaka mzima itapoteza chake kwa njia ile ile.