Shahidi wa Mizani: Historia ya Vipimo katika Masoko ya Dar es Salaam

Mtu atokaye Magomeni Mapipa kwa miguu, akaifuata Barabara ya Morogoro, akalivuka bonde la Msimbazi pale Jangwani na kuingia Kariakoo, hupita mbele ya mizani nyingi kuliko anavyodhani: mizani ya muuza nyama, mizani ya duka la rejareja apimiwapo mteja robo ya sukari, pampu za mafuta kando ya njia, na mizani kubwa zipimazo magunia kwenye maghala. Aghalabu hazitazami, na wala hana haja ya kuzitazama, kwa kuwa mahali fulani yupo mtu asiyeuza wala asiyenunua ambaye amekwisha kuzishuhudia. Habari za mtu huyo, namna alivyopatikana, na namna naye alivyopatiwa wa kumshuhudia, ni sehemu ya historia ya mji huu ambayo haijapewa heshima inayostahili, ijapokuwa hakuna aila hata moja katika Dar es Salaam ambayo haijawahi kula chakula kilichopimwa.

Katika zama zilizotangulia, wakati Mzizima ilipokuwa kijiji cha wavuvi na Sayyid Majid wa Unguja alipoanza, katika miaka ya 1860, kujenga majumba ya mawe kwenye bandari aliyoipa jina la Dar es Salaam, nafaka ya pwani ilipimwa kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na pishi sitini zikafanya jizla, na bidhaa nzito kama pembe na sandarusi zikapimwa kwa frasila, ambayo ilikuwa takriban ratili 35. Vipimo hivyo havikuwa vya kubahatisha, kwani watu walipatana hata juu ya namna ya kujaza, ikawa kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa mdomoni kwa kijiti, na kibaba cha tele ni kile kilichorundikwa hata kikafanya kilele. Lakini ukubwa wa chombo chenyewe ulihitilafiana kati ya bandari na bandari, na mgeni aliyenunua mtama Kilwa kwa pishi ya huko hakuwa na hakika ya kuuuza Bagamoyo kwa hesabu ile ile. Dini ilikwisha kulitilia mkazo jambo hili, maana imo katika Kurani sura nzima, Al-Mutaffifin, iwaonyao wapunjao vipimo, na katika miji mikubwa ya Kiislamu aliwekwa muhtasib, mtu wa kuzunguka sokoni na kuikagua mizani, ambaye mamlaka yake hayakutoka kwa wafanyabiashara aliowakagua. Tangu kale, basi, ilifahamika kwamba uadilifu wa muuzaji peke yake, hata akiwa mcha Mungu, hautoshi kumpa mnunuzi utulivu wa moyo.

Wajerumani walipoufanya mji huu makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na baadaye Waingereza walipoutwaa katika Vita Kuu ya Kwanza, vipimo viliingia katika daftari za serikali. Jengo ambalo Wajerumani walilijenga kabla ya vita katika mitaa ya Waafrika liligeuka wakati wa vita kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza, wale waliobeba shehena za vita kwa vichwa na mabega na wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Na kutokana na jina la kikosi hicho, Carrier Corps, ndipo tulipoupata mtaa wa Kariakoo, ambao katika miaka ya 1920 ulikwisha kuwa soko la watu weusi wa mji mzima. Serikali ya mji ilitoza ushuru, ikapanga meza, ikaweka msimamizi wa soko. Na mji ulipopewa hadhi ya manispaa mwaka 1949 mamlaka hayo yakahamia kwa baraza lake. Lakini baraza lipatalo fedha kutoka kwa muuzaji kila asubuhi lina uhusiano na muuzaji huyo ambao mnunuzi hawezi kuusahau, na kutokana na uhusiano huo ndipo huzaliwa haja ya shahidi wa nje.

Yafaa niondoke kidogo Dar es Salaam niende Mwanza, kwa sababu huko ndiko wakulima wa nchi hii walikolieleza jambo hili kwa vitendo kuliko mahali pengine popote. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma, waliokuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani za wanunuzi, waliwaajiri kwa fedha zao wenyewe vijana waliojua kusoma na kuhesabu, wasimame kando ya mizani na kusoma uzito mbele ya pande zote mbili. Kutokana na vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vilikua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chama kilichokuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Yule kijana wa mizani hakuwa na pamba wala hakuwa na duka. Hakununua, hakuuza, na heshima yake yote ilikuwa katika kutokuwa na hisa katika jambo alilolitolea ushahidi. Mimi naona kwamba historia ya uhuru wetu, ambayo hupenda kusimuliwa kwa mikutano ya hadhara na hotuba, ingekamilika zaidi lau tungemkumbuka na kijana huyo.

Baada ya Uhuru ratili ziliipisha kilo, na mji ukapanuka. Serikali za mitaa zilivunjwa katika miaka ya mwanzo ya 1970 wakati wa madaraka mikoani, na katika kipindi hicho hicho, mwaka 1974, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Shirika la Masoko ya Kariakoo, nalo jengo jipya lililobuniwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege ikingayo mvua na lenye sakafu ya chini ya ardhi, ambayo watu waliiita shimoni, palipouzwa bidhaa kwa jumla. Mwaka huo huo wa 1975 ilitungwa sheria ya kuanzisha Shirika la Viwango, ambalo sote twalijua kwa herufi zake, TBS. Kisha ukaja mwaka 1982, mwaka ambao wanahistoria wa utawala huukumbuka kwa kuwa ndipo Bunge lilipozirudisha serikali za mitaa kwa sheria Namba 7, Namba 8 na Namba 9, ile ya tisa ikihusu fedha na ushuru wao. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba mwaka ule ule, kwa sheria Namba 20, lilipitisha pia Sheria ya Vipimo, na kwamba kazi ya kuhakiki mizani haikukabidhiwa halmashauri zilizokuwa zikifufuliwa, ikabaki chini ya wizara ya biashara. Halmashauri zikapewa soko na ushuru; ushahidi wa uzito ukawekwa mahali pengine. Mgawanyo huo nauhesabu kuwa miongoni mwa mambo ya busara kubwa yaliyofanywa mwaka ule, na mwaka 2002 uliimarishwa kwa kuundwa Wakala wa Vipimo, ambao maofisa wake huzihakiki mizani kila mwaka na kuzibandika stika.

Faida ya mgawanyo huo, na pia mipaka yake, huonekana wazi katika kadhia ya lumbesa. Kila mkazi wa Magomeni aliyewahi kusimama pale Mabibo, kwenye soko liitwalo Mahakama ya Ndizi, au aliyewahi kuona lori la viazi kutoka Njombe likishushwa alfajiri, amekwisha kuliona gunia lililojazwa hata mdomo haufungiki, likaongezewa juu yake kilemba cha wavu au cha gunia jingine na kushonwa kwa kamba, likawa na uzito ambao mchukuzi mmoja hawezi kuubeba bila kuumia mgongo. Kisheria gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na lumbesa huipita kadiri hiyo mbali. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, hali ametoa gunia na zaidi. Hiyo ni dhuluma ya kwanza, na ndiyo ipigiwayo kelele kila mwaka. Lakini ipo dhuluma ya pili ambayo haitajwi sana, nayo humpata mkazi wa mjini asiyelima kiazi hata kimoja: kwa kuwa halmashauri nyingi zilizoea kutoza ushuru kwa kuhesabu magunia, na si kwa kupima kilo, kila kilemba kilichoshonwa juu ya gunia kilikuwa ni mazao yaliyopita kizuizini bila kulipiwa kitu, na fedha iliyokosekana hapo ni fedha ambayo ingezibua mifereji, ingenunua dawa za zahanati, ingeondoa taka sokoni. Mfanyabiashara alipata faida mara mbili kwa kamba ile ile. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, nayo asilimia ni hesabu ya thamani, na thamani haijulikani pasipo uzito wa haki. Mhasibu wa halmashauri, kwa hiyo, anamhitaji yule ofisa wa vipimo kama mkulima amhitajivyo, ijapokuwa mara nyingi hukutana kama watu wa serikali mbili zisizojuana.

Hapa mwenye akili atauliza swali lipasalo kuulizwa: na huyo shahidi, ni nani amshuhudiaye? Mawe ambayo ofisa wa Wakala huyabeba kwenda nayo Kariakoo hayana uzito wa haki kwa sababu tu yamebebwa na ofisa. Lazima yalinganishwe na mawe yaliyo bora zaidi, na mawe bora ya taifa yamehifadhiwa katika maabara ya ugezi, yaani ya elimu ya upimaji, ya TBS kule Ubungo, juu ya barabara ile ile ya Morogoro ipitayo Magomeni. Mawe ya Ubungo nayo hulinganishwa na ya mataifa mengine, katika silsila iliyoanzia Paris kwa mkataba wa tarehe 20 Mei 1875, ambao kwa ajili yake kilo ya chuma cha platini na iridi ilihifadhiwa Sèvres na kuwa marejeo ya dunia nzima, hadi tarehe 20 Mei 2019, kilo ilipoacha kutegemea kipande cha chuma na kufasiriwa kwa kanuni ya maumbile isiyobadilika. Lakini mawe sahihi mkononi mwa mpimaji asiye mahiri hayafai kitu, na kwa ajili hiyo dunia ilibuni taratibu ya ithibati, yaani chombo cha nje, kisichouza wala kupima chochote, kije kukagua kama maabara ina vifaa, watu, kumbukumbu na uhuru wa kutoa jibu lisilompendeza bwana wake. Australia ndiyo iliyotangulia, ilipoanzisha chombo kiitwacho NATA mwaka 1947, baada ya vita kuidhihirishia udhaifu wa upimaji wa silaha na zana zake. Mataifa mengine yakafuata.

Tanzania haikuunda chombo chake peke yake. Kwa pamoja na jirani zake wa kusini iliingia katika SADCAS, huduma ya ithibati ya jumuiya ya SADC yenye makao yake Gaborone, Botswana, iliyosajiliwa mwaka 2005 ili izihudumie nchi wanachama zisizo na chombo chao wenyewe. Kenya, kwa upande wake, ilijiundia KENAS. Wapo watu wanaoona haya kwamba maabara ya taifa letu ikaguliwe na watu kutoka Gaborone. Mimi siioni haya hiyo. Yule kijana wa Usukuma alikuwa na thamani kwa sababu hakuwa mtu wa mnunuzi, na mkaguzi atokaye Botswana ana thamani kwa sababu hana mjomba Ubungo wala hana duka Kariakoo. Maabara kadhaa za TBS zimekwisha kupata ithibati hiyo, nayo hutolewa kwa muda, hukaguliwa tena, na yaweza kusimamishwa.

Taratibu hiyo haikuishia sokoni. Mwaka 2009, katika mkutano uliofanyika Kigali, Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika lilizindua mpango wa kuzipandisha maabara za hospitali ngazi kwa ngazi kwa nyota, hata zifikie ithibati ya kiwango cha ISO 15189, na tangu mwaka 2015 Wizara ya Afya imevipima kwa nyota vituo vya afya vya msingi, ambavyo vingi ni mali ya halmashauri. Mama ampelekaye mtoto mwenye homa katika kituo cha afya cha Magomeni hupewa karatasi yenye jibu la kipimo cha damu. Karatasi hiyo nayo ni mizani, na yeye ana uwezo mdogo zaidi wa kuihakiki kuliko alivyo nao mbele ya muuza nyama.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ghali, kwamba ada za ukaguzi zingenunua vifaa, na kwamba muuza mboga mwenye mtaji mdogo hawezi kununua mizani iliyohakikiwa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na haipaswi kudharauliwa, kwani hata leo, katika masoko yetu, maharage na mchele hupimwa kwa kisado na kopo, na nyanya kwa fungu, ambavyo havina stika ya mtu yeyote. Tena si vyote vilivyo vya hadaa, maana fungu la nyanya mnunuzi huliona kwa macho yake na kulikubali au kulikataa. Walakini kisado kilichobonyezwa chini mnunuzi hakioni, na anayepunjwa humo ni yule anunuaye kidogo kidogo, ambaye ndiye maskini kuliko wote sokoni. Gharama ya kutokuwa na shahidi hulipwa kila siku. Tofauti ni kwamba hulipwa bila risiti.

Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na Serikali ikaazimia kulikarabati na kuliongezea jengo jipya. Magomeni nayo imejengewa soko jipya mahali pa lile la zamani. Majengo mapya ni fursa ya kuweka taratibu mpya. Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Kinondoni na wa Jiji la Dar es Salaam, pamoja na wasimamizi wa masoko hayo, wahakikishe kwamba katika kila soko lililo chini yao ipo mizani ya umma mahali pa wazi, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, isiyo mali ya mfanyabiashara wala isiyo mikononi mwa mtoza ushuru, ambayo mnunuzi yeyote, hata aliyenunua nusu kilo ya maharage, ana ruhusa ya kuitumia bila malipo. Na ushuru wa mazao utozwe kwa kilo zilizosomwa juu yake, si kwa idadi ya magunia.