Heroe Asihukumiwe Peke Yake: Kukadiria Hatari ya Homa ya Ndege kati ya Maziwa ya Bonde la Ufa na Mabanda ya Kuku

Kila habari za homa ya ndege zinapozagaa, macho ya watu wa Nakuru huelekea ziwani. Heroe wanaohamahama kati ya Nakuru, Elementaita na Bogoria ni wengi, wanaonekana kutoka mbali, na ni rahisi kuwashuku. Wachoraji wa ramani za hatari nao wamezoea kukata njia hiyo hiyo: wanachukua idadi ya ndege wa majini, wanailinganisha na idadi ya kuku, na penye wingi wa vyote viwili wanapaka rangi nyekundu. Hoja yangu ni kwamba ramani ya aina hiyo, ikitumiwa katika Bonde la Ufa la kati, itatupeleka mahali pasipo sahihi, kisha itatushauri vibaya.

Tuanze na maji yenyewe. Virusi vya homa ya ndege makao yake ya asili ni bata wa porini na jamaa zao, ambao huvitoa kwa wingi kupitia kinyesi. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba hudumu zaidi katika maji ya baridi, yenye chumvi kidogo, ambayo pH yake inakaribia 7 au 8. Nakuru na Elementaita ni maziwa ya magadi, na pH yake kwa kawaida hufika 10 na kuipita. Hali hiyo ndiyo inayostawisha viumbe vidogo vya kijani anavyokula heroe mdogo, na ndiyo inayovitesa virusi. Naivasha, kilomita kama 70 kwa barabara kuelekea Nairobi, ni ziwa la maji matamu na bata ni wengi kando yake. Mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji wa Nakuru pia huwavutia bata, lakini ni madogo mno kuonekana kwenye ramani iliyochorwa kwa kipimo cha bara zima. Modeli ya ramani inayohesabu ndege bila kupima maji itaogopa ziwa la heroe na kulipita bwawa la bata.

Tena ziwa lenyewe halijatulia. Tangu mwaka 2010 hivi, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru limefurika hadi kwenye lango kuu la hifadhi yake ya taifa na kuwahamisha watu wa maeneo ya Mwariki na Barut. Huko Naivasha, mtaa wa Kihoto ulizama. Maji yalipoongezeka magadi yalipungua ukali, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Sensa za ndege wa majini zinazofanywa kila Januari ni hazina kubwa, lakini anayetumia wastani wa miaka ishirini iliyopita anakadiria hatari ya ziwa ambalo halipo tena.

Sasa tufuate njia ya virusi kutoka majini hadi bandani. Lazima awepo ndege aliyeambukizwa, atoe virusi, virusi vidumu, kitu kivibebe hadi kwa kuku, na kuku avipate kwa kiasi cha kumwambukiza. Kimahesabu, hatari ya ugonjwa kuingia ni zao la uwezekano wa hatua hizi zote. Kwa mfano wa kubuni tu, hatua nne zenye uwezekano wa moja kwa kumi kila moja hutoa moja kwa elfu kumi. Muhimu zaidi kuliko udogo wa jibu ni kwamba ukiipunguza hatua yoyote kwa nusu, hatari yote inapungua kwa nusu. Idadi ya bata wanaowasili kutoka Ulaya na Asia kuanzia Oktoba haimo mikononi mwetu. Mlango wa banda umo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu kuku wa kienyeji takriban milioni 30 nchini, na wengi wao hujitafutia chakula uani. Chombo cha maji kilichoachwa wazi nje, ambapo kwarara na shomoro hunywa pamoja na kuku, ni hatua nzima ya hesabu hiyo. Vivyo hivyo viatu vya mpira vinavyotoka kumwagilia sukuma kando ya bwawa na kuingia bandani bila kuoshwa.

Lakini zao hilo linaeleza kuingia kwa mara ya kwanza tu. Baada ya hapo virusi husafiri na binadamu. Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa ya ndege ya aina ya H5N8 kwa ndege wa porini katika ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria, na kwa kuku na bata wa kufugwa Masaka. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko. Mwaka 2020 watafiti walichapisha taarifa ya H9N2, aina ya virusi vya homa ya ndege isiyo na ukali wa aina ya H5N1, iliyopatikana kwa kuku katika masoko ya Kenya. Hawa walikuwa kuku wa sokoni, wa matenga na bodaboda. Nakuru imekaa juu ya barabara kuu inayotoka Nairobi kwenda Malaba na Busia, na trei za mayai hurudi zikizunguka kutoka shamba hadi shamba. Modeli isiyo na barabara hii, kwa maoni yangu, haijamaliza nusu ya kazi.

Tatizo gumu kuliko yote ni takwimu. Mfugaji anayeona kuku watatu wamekufa kwa usiku mmoja hudhani ni kideri, ugonjwa mwingine wa kuku, na mara nyingi huuza waliobaki kabla hawajafa. Simlaumu: akitoa taarifa atapoteza kundi zima, na hana hakika ya kulipwa chochote. Mwaka 2005 na 2006 wafugaji wa Kenya walikosa wanunuzi kwa hofu tu ya homa ya ndege, bila kuku wao kuugua. Hivyo ukimya wa takwimu hauonyeshi usalama, na modeli iliyofunzwa kwa ukimya huo itapaka kijani palipo na hatari.

Kwa hiyo serikali ya kaunti na idara ya mifugo zianze na fidia inayojulikana bei yake mapema na kulipwa upesi. Bata wa Naivasha na wa mabwawa ya majitaka wachukuliwe sampuli kila msimu wa uhamaji, pamoja na kuku wa masoko ya Nakuru, Gilgil na Naivasha, na matokeo yatangazwe kwa lugha ambayo mfugaji anaielewa. Wazo la kuwafukuza au kuwaua ndege wa ziwani likataliwe waziwazi, kwa sababu ndege waliotawanywa hupeleka virusi kokote watakakotua.