Nywila moja ya wote, au kila mtu na yake?

Nilikuja Khwisero kuwaona wazee, na mpwa wangu aliye chuo kikuu akanitega: "Mjomba, mbona Wi-Fi ya dukani hapa sokoni tunatumia nywila moja sote, lakini ya chuo inataka jina langu na nywila yangu?"

Jibu linaanzia 1997. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi, 802.11, kilikuja na ulinzi ulioitwa WEP, na wote mlitumia ufunguo uleule. Katika mbinu yake moja, ruta ilikutumia ujumbe wa kubahatisha ukiwa wazi, nawe ukaurudisha umefichwa kwa ufunguo. Ukipatia, karibu ndani. Sasa jirani anayenasa mawimbi ameziona nakala zote mbili, iliyo wazi na iliyofichwa. Akizilinganisha anapata kilichotumika kuuficha, na kesho anaingia bila hata kuujua ufunguo! Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir wakaonyesha kuwa hata ufunguo wenyewe unapatikana, ukinasa data ya kutosha.

WPA (2003) na WPA2 (2004) zikaziba matundu hayo. Lakini kwenye nywila ya pamoja ya WPA2, mwenzako anayeijua akinasa simu yako ikijiunga, anaweza kufungua unachotuma (https ndiyo inayokuokoa). WPA3 ya 2018 ilirekebisha hilo, ila ruta nyingi ni za zamani.

Vyuo vilifuata 802.1X, ya 2001. Hapa ruta haiamui kitu. Inapeleka ombi lako kwa seva ya RADIUS inayowajua watumiaji mmoja mmoja, na ukikubaliwa unapata funguo zako peke yako. Eduroam, iliyoanzia Ulaya na ambayo Kenya inaendeshwa na KENET, imejengwa juu ya hilo: ukitembelea chuo kingine, seva ya pale inasoma kilicho baada ya @ na kulipeleka ombi chuoni kwako. Nywila husafiri imefungwa, wenyeji hawaioni.

Mradi simu yako ikague cheti cha seva. Isipokagua, mtu yeyote anaweza kuweka ruta yenye jina lilelile na kuipokea nywila yako yeye.

Nikamwomba mpwa simu. Kwenye cheti alikuwa amechagua "usithibitishe", ati ndivyo wenzake walivyomwelekeza. Tukabadilisha palepale, na nywila pia.