Mwana Hiti na Mipaka ya Udhibiti wa Sanaa

Neno uchi hutaja mwili usio na nguo. Halisemi nani anautazama. Pengo hilo ndilo kiini cha mjadala wa udhibiti wa sanaa.

Mazimbu, ilipo Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, imo katika nchi ya Waluguru, ambao, kama Wazaramo na Wakwere, huhesabu ukoo upande wa mama. Katika jamii hizo mwana hiti, kiwiliwili cha mti chenye matiti na kitovu bayana, kilihusishwa na mafunzo ya mwali. Matiti yaliashiria uzazi na uendelevu wa ukoo. Sanamu haikufunikwa, mafunzo yake ndiyo yaliyositiriwa, yakatolewa kwa wahusika wakati wake.

Dola ilifuata njia nyingine. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa kusimulia waziwazi mambo ya ngono. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 nayo ikadai kibali kabla ya maonyesho. Hapa inahukumiwa kazi yenyewe.

Mwana hiti akiwekwa katika kabati la kioo la makumbusho, hutazamwa na kila apitaye, bila kungwi. Mdhibiti anayepima nguo tu hawezi kuiona tofauti hiyo.