Rangi ya nzige yafichua wakati wa kutaga mayai

Makundi ya nzige wa jangwani yaliyovamia Kenya kuanzia Desemba 28, 2019, na kutua Kitui Januari 2020, yalikuwa na rangi ya waridi. Majuma kadhaa baadaye, nzige waliokomaa walikuwa wamegeuka manjano. Kwa mkulima wa Kikima, kwenye vilima vya Mbooni katika kaunti jirani ya Makueni, tofauti hiyo ina uzito. Nzige wa waridi hajakomaa. Kazi yake ni kula na kuruka. Wa manjano yu tayari kujamiiana na kutaga, na akishataga, ardhi yenyewe huwa imebeba kizazi kipya.

Ajabu ni kwamba mdudu huyu ana rangi nyingine pia. Akiishi peke yake huwa kijani au kahawia, mfano wa panzi wa kawaida, wala hasumbui mtu. Zamani nzige wa upweke na wale wa makundi waliweza kuorodheshwa kuwa spishi mbili, hadi Boris Uvarov, mtaalamu mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi London, alipoeleza mwaka 1921 kwamba ni mdudu mmoja mwenye hali mbili.

Jeni zao ni zile zile. Kinachobadilika ni zipi zinazoamshwa na zipi zinazolala. Nzige wanaposongamana na kusuguana miguu ya nyuma, kemikali iitwayo serotonini huongezeka katika neva zao, nao huanza kufuatana katika muda wa saa 2 hivi, kama watafiti wa Cambridge na Oxford walivyoonyesha mwaka 2009. Rangi hufuata polepole, kadiri tunutu wanavyojivua ngozi.

Weusi wa tunutu wa makundi huletwa na homoni ya korazonini. Ushahidi ulitoka kwa jamaa yao, nzige mhamaji wa Okinawa, Japani, ambaye ukoo wake mmoja ulirithi weupe. Miili ya wadudu hao ilikosa homoni hiyo. Walipodungwa, wakapata weusi.

Manjano nayo hutokana na protini inayosafirisha rangi hadi kwenye ngozi, na jeni yake huamshwa na homoni ile ile inayosukuma ukomavu wa uzazi. Madume hung'aa kuliko majike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza sababu: katika msongamano, dume hurukia chochote kinachofanana na jike. Jeni hiyo ilipozimwa maabarani, madume waliokosa manjano walipandwa zaidi na madume wenzao. Rangi, basi, ni onyo la kuzuia kupoteza muda.

Uzazi pia hubadilika. Jike wa upweke hutaga mayai kati ya 95 na 158 katika kifuko kimoja. Wa kundi kwa kawaida hayafikii 80, lakini ni makubwa zaidi na tunutu wake huanguliwa wakiwa weusi. Mtu angetarajia kinyume. Hata hivyo kilomita moja ya mraba ya kundi hubeba nzige milioni 40 hadi 80, kwa hiyo upungufu huo haumfariji mkulima wa pojo.

Madume waliokomaa hutoa pia harufu ya kuwafukuza wenzao. Watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE, Kasarani, Nairobi, waligundua kwamba harufu hiyo huwachanganya tunutu na kuvunja umoja wao, matumaini makubwa kwa wasiopenda mashamba kuogeshwa dawa.

Nzige wa manjano wakionekana, mchanga wenye unyevu ndio wa kuchunguzwa kwanza. Mayai hufukiwa sentimita 10 hadi 15, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza haifiki, na kwenye joto huanguliwa baada ya majuma mawili hivi. Tunutu hutembea na kurukaruka kwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuota mbawa, na katika muda huo ndipo wanapoweza kuangamizwa wakiwa bado ardhini.